"Mali ikishauzwa hairudishwi"

Wengi Kampala na Jinja huamini kwamba maneno hayo kwenye risiti humwondolea muuzaji kila lawama, hata anayeuza regulata (kifaa cha kupumulia chini ya maji) na mtungi wa hewa wa kuzamia alivyokwisha kuvitumia.

Si hivyo. Sheria ya Uganda ya 2017 kuhusu uuzaji wa bidhaa humbana zaidi mfanyabiashara, kwa upande wa ubora. Anayeuza chake mara moja ana mzigo mwepesi, ila kifaa lazima kilingane na maelezo yake. Ukisema "mtungi umepimwa mwaka huu" huku ukijua haukupimwa, umedanganya, na mnunuzi anaweza kuutengua mkataba.

Halafu kuna uzembe, yaani kutochukua tahadhari hadi mtu akaumia. Hapo risiti haifui dafu. Akiumia mdogo wake mnunuzi aliyeazima kifaa hicho, yeye hakukubaliana nawe lolote, kwa hiyo maneno ya risiti hayamfungi. (Katika kesi mashuhuri ya Uingereza ya 1932, ya konokono ndani ya chupa ya kinywaji, mlalamikaji hata hakuwa ameinunua chupa hiyo.) Na hatari si ndogo: mtungi uliojaa hubeba shinikizo la baa 200 hivi, yaani mara 200 hivi ya shinikizo la hewa ya kawaida. Tarehe ya kipimo hugongwa begani mwake: mwonyeshe mnunuzi, kisha andika kila kasoro unayoijua.