Mchuuzi, miji yake na mtandao wa neva: yanayosemwa na yaliyopo

Dhana: Akili unde imeshamaliza tatizo la mchuuzi msafiri.

Bado. Mchuuzi anatakiwa apite kila mji mara moja na kurudi alikotoka, kwa njia fupi kuliko zote. Miji 10 ina mizunguko 181,440. Miji 20 inapita bilioni milioni 60. Mtandao wa neva, yaani akili unde ya vizio vidogo vingi (neva) vilivyounganishwa kwa kuiga ubongo, haupunguzi wingi huo. Unakisia, mara nyingi vizuri, lakini haukupi uthibitisho kwamba njia fupi zaidi haipo. Mwaka 2006 Concorde, programu ya hesabu tupu isiyo na neva hata moja, ilithibitisha njia fupi kuliko zote ya vituo 85,900.

Dhana: Kumtafutia mchuuzi njia kwa mtandao wa neva ni jambo la juzi tu.

Watafiti John Hopfield na David Tank walilijaribu mwaka 1985. Kwa miji 10 walipanga neva 100 katika jedwali: kila mstari ni mji, kila safu ni zamu ya kufika. Neva ya mstari wa 3, safu ya 5 ikiwaka, maana yake mji wa tatu unafikiwa wa tano. Jibu ni halali pale tu kila mstari na kila safu vina neva moja inayowaka; ukikiuka, hesabu inakuongezea adhabu. Kwenye karatasi inapendeza. Mwaka 1988 watafiti wengine, Wilson na Pawley, wakarudia kazi hiyo, na katika majaribio 100 ni 15 tu yaliyotoa mzunguko halali. Halali, si mfupi! (Nobeli ya Hopfield ya 2024 haikuhusu mchuuzi huyu.)

Dhana: Mtandao umezishinda njia za zamani.

Zipi? Hapo ndipo wengi wanapopigwa chenga. Chukua tatizo jingine la aina hii: una nodi (nukta), baadhi zimeunganishwa kwa mistari, na unatafuta kundi kubwa la nodi zisizoungana. Mwaka 2022 ilitangazwa mbinu ya mitandao ya neva ya kulitatua. Watafiti Angelini na Ricci-Tersenghi wakajibu kwamba kanuni rahisi, ile ya kuchukua kwanza nodi yenye majirani wachache (nodi zilizoungana nayo), inatoa jibu bora na kwa haraka zaidi.

Dhana: Basi hauna kazi.

Unayo, ukipewa nafasi ya msaidizi. Kwa mchuuzi wetu, katika mbinu iitwayo NeuroLKH ya mwaka 2021, mtandao unapima barabara zipi zina dalili nzuri, kisha LKH, programu ya Mdenmarki Keld Helsgaun, inafanya utafutaji wenyewe.