Leyland Atlantean haikuundwa ili kumwondoa kondakta

Wapenzi wa mabasi hurudia dai hili: kampuni ya Leyland ya Uingereza iliweka injini nyuma ya basi lake la ghorofa, Atlantean, ili dereva akusanye nauli peke yake. Tarehe zinakataa. Atlantean ilianza kubeba abiria mwishoni mwa 1958, wakati sheria ya Uingereza iliruhusu mabasi ya ghorofa kuendeshwa bila kondakta mwaka 1966 tu. Kwa miaka hiyo yote kondakta alikuwemo.

Kilichotafutwa ni viti. Mwaka 1956 urefu ulioruhusiwa kwa basi la ghorofa la ekseli mbili ulifika futi 30, yaani mita 9.1 hivi. Injini ya mbele ilikula nafasi pembeni mwa dereva, na mlango wa nyuma ukala nyingine. Mfano wa majaribio wa 1954 ulikuwa tayari na injini nyuma, lakini mlango nao ulibaki hukohuko, kwa hiyo faida ikawa nusu. Mfano wa 1956 ulihamishia mlango mbele ya ekseli ya mbele. Injini ikalazwa kukingama nyuma ya ekseli ya nyuma. Viti vikafika 78.

Gharama yake ilikuwa ya kifundi. Injini ikikingama, nguvu lazima ikate kona kupitia gia za pembe kabla ya kufika kwenye ekseli. Vidhibiti navyo husafiri urefu wote wa gari, na dereva, akiwa mbali, hasikii vizuri injini inapoanza kulalamika.