Mgagani: gugu lenye harufu kali ambalo hatupaswi kulitupa

Mvua za kwanza zikishanyesha, usihangaike kuutafuta mgagani porini ndani. Uko karibu na watu: pembeni mwa zizi lililohamwa, kwenye jalala la majivu nyuma ya jiko, kati ya mistari ya mahindi. Unapenda udongo wenye samadi na uliochimbuliwa. Ndiyo maana wakulima wengi wanaujua kwa jembe kuliko kwa sufuria. Ukichomoza kwenye mahindi unang'olewa pamoja na magugu mengine na kutupwa mpakani ukauke. Mimi ni mtaalamu wa mimea na nimejikita kwenye mboga za asili, na kila nikipita kwenye rundo la mgagani ulionyauka namna hiyo huwa naumia. Mle ndani kuna mboga, na kuna mmea ambao maabara kubwa duniani zinauchunguza kwa bidii. Nataka nieleze kwa nini ni mchungu, kwa nini unanuka, na kwa nini mambo hayo mawili ndiyo yanayoufanya uwe na thamani.

Wakisii wanauita chinsaga, Waluo dek, Waluhya tsisaga, Wanyarwanda isogi na Waganda jjobyo. Kwenye masoko ya Nairobi ukiulizia saga utaonyeshwa huo huo.

Tuanze na kuutambua, maana mboga ya kuchuma porini haitaki kubahatisha. Mgagani ni mmea wa msimu mmoja, unasimama wima na kutoa matawi, na penye udongo mzuri unaweza kupita mita moja. Shina lake ni la kijani au la zambarau, lenye vinyweleo vidogo vilivyo na matezi. Ukilishika, vidole vinanata kidogo na kubaki na harufu. Jani lina kikonyo kirefu, na mwisho wa kikonyo hicho vijani vitano hutokea mahali pamoja na kusambaa. Wakati mwingine ni saba, na karibu na maua vinapungua hadi vitatu. Wapo wanaosita wakiona vijani hivyo, wakidhani ni bangi. Vijani vya bangi vina meno makubwa na ya wazi kwenye kingo. Vya mgagani ni laini au vina meno madogo sana ya kutafuta kwa jicho. Kuna ndugu yake mwenye maua ya njano na mwingine mwenye jani moja lisilogawanyika. Hao waache. Mgagani wetu una maua meupe, au yenye zambarau ya mbali.

Ua lenyewe liangalie jioni, jua linapoelekea kuzama, ndipo maua mapya yanapofunguka vizuri. Petali ni nne, na kila moja inaanza kwa uzi mwembamba kabla ya kupanuka. Katikati panasimama kijiti cha zambarau cha sentimita moja au mbili hivi. Kwenye maua mengi tunayoyajua, stameni, yaani sehemu zinazobeba chavua, huota chini pamoja na petali. Hapa zimepandishwa: stameni sita zinachomoza juu ya kijiti, kisha kijiti kinaendelea mbele na kubeba ovari kileleni. Ni ua la ghorofa, petali chini, chavua katikati, mbegu juu. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliuandika mmea huu mwaka 1753 kwa jina la *Cleome gynandra*, na mwaka 1914 mtaalamu mwingine, Briquet, akauweka kwenye jenasi, yaani kundi la mimea ya karibu, iitwayo *Gynandropsis*. Utakutana na majina yote mawili kwenye maandishi ya kitaalamu, na yote yanamaanisha mgagani. Ovari ile ikishachavushwa hurefuka kuwa ganda jembamba la sentimita kadhaa, linalofanana sana na la haradali.

Mfanano huo haukuja kwa bahati. Familia ya mgagani, Cleomaceae, ni jirani wa karibu kabisa wa familia ya kabichi, haradali, figili na sukuma wiki. Mimea ya ukoo huu ina silaha moja wanayorithishana. Ndani ya jani zima, lisilojeruhiwa, kuna kemikali ziitwazo glukosinolati, na mahali pengine ndani ya jani hilo hilo kuna kimeng'enya, yaani protini ya kuzivunja. Vinakaa mbalimbali. Mdudu akiuma, au wewe ukilifikicha jani, vinakutana, na papo hapo hutoka isothiosianati, kemikali ya jamii ile ile inayoifanya haradali ikuchome puani. Kwenye mgagani glukosinolati kubwa inaitwa glukokaparini. Kwa hiyo harufu unayoisikia ukiuchuma ni jibu la mmea kwa jeraha. Kabla hujaugusa, haunuki kiasi hicho.

Silaha hii inafanya kazi kweli. Mwaka 1992 watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, walichapisha matokeo kuonyesha kwamba kupe wanaukwepa mgagani, na baadaye mafuta ya mmea huu yakajaribiwa dhidi ya yule kupe anayeeneza ndigana kali kwa ng'ombe. Mfugaji yeyote anajua ugonjwa huo umemaliza ndama wangapi. Mwaka 2007 ukachapishwa utafiti mwingine, wa mgagani uliopandwa katikati ya waridi wa kuuza maua, ambapo utitiri wekundu ulipungua kwenye waridi. Simwambii mfugaji aache kuogesha mifugo, wala mkulima atupe bomba la dawa. Ila mmea unaofukuza kupe na utitiri bila gharama haustahili kuitwa takataka.

Hata hivyo kuna wadudu ambao harufu hiyo haiwatishi hata kidogo, hasa wale waliozoea ukoo wa kabichi. Viroboto wa mboga hutoboa majani matundu madogo madogo, na vidukari hujazana chini ya vijani.

Sasa twende jikoni. Watu wengi wanaolalamikia uchungu wa mgagani wamechuma ukiwa umeshachanua. Uchungu unatokana na glukosinolati pamoja na tanini, kemikali zinazokausha ulimi, na jani changa, lililochumwa kabla ya maua, ni laini kuliko lile lililokaa juani wiki nyingi. Chuma ncha za matawi, zile zinazokatika kwa vidole bila kuvuta. Kikonyo kigumu kiache.

Jambo la pili ni maji ya kuchemshia. Wapo wanaochemsha, wanamwaga, wanachemsha tena, wanamwaga tena, hadi mboga inakuwa haina ladha wala faida. Vitamini C na foleti vinayeyuka kwenye maji, na sehemu ya madini nayo inaondoka humo. Mwaga mara moja kama familia yako haijazoea uchungu, na usitumie maji mengi. Baada ya hapo uchungu uushughulikie kwa unachoungia.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia mabibi zetu. Kisii, chinsaga hupikwa taratibu, ikatiwa maziwa, ikalazwa chunguni hadi kesho yake, kisha ikapashwa moto na kuongezwa maziwa tena. Protini za maziwa hushikana na tanini, na ulimi hauzikuti tena kama zilivyokuwa. Mafuta ya maziwa nayo yana kazi yake: beta-karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, haifyonzwi vizuri bila mafuta. Nyumba nyingi za Tanzania hufika pale pale kwa njia ya karanga zilizotwangwa, na Pwani kwa tui la nazi. Kuchanganya na mchicha, mnavu au majani ya kunde kunasaidia pia, na ni njia nzuri ya kuwazoesha watoto. Mimi binafsi napenda ule wa karanga, ugali pembeni, na ndimu ikamuliwe sufuria ikishaipuliwa. Ndimu haipo kwa ajili ya ladha peke yake. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga za majani hufyonzwa kwa shida, na vitamini C husaidia yafyonzwe, wakati maziwa huyapunguzia kasi. Kwa mtu aliyeambiwa ana upungufu wa damu ningechagua karanga na ndimu, maziwa nikayapeleka kwenye mlo mwingine.

Wakisii humpikia chinsaga mama aliyejifungua, ili arudishe damu na nguvu. Mmea una madini ya chuma, kalisi na protini nyingi kwa mboga ya majani, kwa hiyo desturi hiyo ina mashiko. Iende pamoja na vidonge anavyopewa kliniki, isivichukulie nafasi. Kuhusu kufikicha majani mabichi na kuyafunga kwenye ngozi kama dawa ya maumivu, hapo natahadharisha kwa nguvu. Isothiosianati ikikaa kwenye ngozi inaunguza, hadi kutoa malengelenge. Kwenye sikio au jicho la mtoto usithubutu.

Na usichume popote unapouona. Mgagani hufurahia mbolea na hauchagui mbolea hiyo imetoka wapi, kwa hiyo ule ulionawiri kwenye mfereji wa maji machafu, kando ya barabara kuu, au shambani palipopigwa dawa ya magugu, uache hapo hapo.

Kuna siri moja ya mmea huu ambayo haionekani kwa macho, na kwangu ndiyo inayosisimua kuliko zote. Mimea mingi hunasa hewa ya kabonidayoksaidi kwa njia ya kawaida ya usanisinuru, yaani kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, njia ambayo hupoteza nguvu nyingi joto linapopanda. Mahindi, mtama na muwa wana njia nyingine, iitwayo C4: kabonidayoksaidi hunaswa kwanza kwenye seli za nje, kisha hupelekwa na kulundikwa kwenye seli zinazozunguka mishipa ya jani, na huko ndiko sukari inakotengenezwa. Mmea wa namna hiyo hukua haraka kwenye jua kali bila kupoteza maji mengi. Mgagani nao ni wa C4. Na kwa kuwa ni jamaa wa karibu wa *Arabidopsis*, mmea mdogo ambao wanabiolojia wanaujua kuliko mwingine wowote, umekuwa chombo muhimu cha kujifunzia jinsi C4 ilivyojitokeza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, waliupendekeza kwa kazi hiyo mwaka 2005. Nyuma ya yote kuna lengo kubwa la kuupa mpunga uwezo huo, na gugu linalong'olewa kwenye mahindi ya bibi ni mmoja wa walimu wao.

Mkulima naye anapaswa kujua hili, kwa sababu linamwambia apande wapi. Chini ya mwembe mgagani hautafanya kitu. Utarefuka, utakonda, utachanua mapema. Baridi pia hauitaki. Upe jua la siku nzima, na utaona hata majani yake yakigeuka kulifuata. Tia samadi iliyoiva, panda kwa mistari, punguza miche ikishafika kimo cha kidole, na baada ya wiki nne hadi sita hivi utaanza kuchuma. Kata kilele mapema ili utoe matawi, na kila kichala cha maua kikichomoza kiondoe. Ukame au kukosa mbolea huuharakisha kuchanua, na ukishachanua majani mapya yanakuwa machache na machungu.

Mbegu ndiyo inayowakatisha tamaa wengi. Mtu anapukutisha maganda leo, kesho anapanda, haioti hata moja, anasema mbegu ni mbovu. Mbegu mbichi ya mgagani imelala, na inahitaji miezi kadhaa ya kukaa pakavu kabla ya kukubali kuota. Tena mwanga unaizuia, kwa hiyo ukiimwaga juu ya udongo bila kuifunika unajinyima mwenyewe. Udongo mwembamba juu yake unatosha. Ukiifukia sana itashindwa kutoka, maana ni ndogo mno.

Acha mimea michache iliyo bora kabisa, ile iliyochelewa kuchanua, iwe ya mbegu. Maganda yakigeuka manjano usisubiri yakauke shambani, kwa sababu hupasuka kuanzia chini na kumwaga kila kitu, na ndege nao wanajua. Kata asubuhi na mapema, kukiwa bado na umande, yaanike juu ya turubai kivulini, kisha yapigepige. Mbegu nzuri ni nyeusi au kahawia iliyokolea. Za rangi hafifu zipepete zitoke. Zihifadhi kwenye chupa kavu yenye kifuniko, uandike mwezi uliovuna, na msimu ukikaribia weka chache kwenye kitambaa chenye unyevu, mahali penye joto na giza. Zikichipua kwa wingi ndani ya wiki moja, zimeamka, panda.