Maswali na majibu: Afya ya msafiri anayekwenda Iquitos, mji wa kando ya mto Amazon

Iquitos ni makao makuu ya jimbo la Loreto, kaskazini mashariki mwa Peru, na ni mji wenye wakazi zaidi ya laki nne ambao haufikiki kwa barabara kutoka sehemu nyingine ya nchi. Barabara pekee iendayo mbali huishia Nauta, umbali wa kilomita mia moja hivi, karibu na mahali ambapo mito ya Marañón na Ucayali hukutana na kuanza kuitwa Amazon. Anayekwenda huko hupanda ndege kutoka Lima au husafiri kwa meli za mtoni kwa siku kadhaa kutoka Yurimaguas au Pucallpa. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya msafiri anayetoka Afrika Mashariki, ambaye anayajua baadhi ya maradhi ya huko kwa majina, lakini si kwa tabia zake zote.

Ni chanjo zipi zinazohitajika kabla ya safari?

Ya kwanza ni ya homa ya manjano, kwa kuwa virusi vyake vimo katika misitu yote ya bonde la Amazon, na mwaka 2025 wagonjwa waliongezeka katika nchi kadhaa za ukanda huo, Peru ikiwa mojawapo. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuutibu, ila mgonjwa huhudumiwa mpaka mwili wake ushinde au ushindwe. Dozi moja ya chanjo hutosha maisha yote kwa watu wengi, na cheti chake huanza kuhesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo haifai kungojea wiki ya safari. Kumbuka pia safari ya kurudi: Tanzania na Kenya hudai cheti hicho kwa abiria anayetoka katika nchi zenye homa ya manjano, na Peru imo katika orodha hiyo, hivyo anayekwenda bila cheti anaweza kukwama mlangoni kwao.

Chanjo hii hutengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa. Mama mjamzito, mtu aliyezidi umri wa miaka 60, mwenye mzio mkali wa mayai, na mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye kinga yake imeshuka sana, wote wanapaswa kuzungumza na daktari kwanza, na baadhi yao watashauriwa wasichanjwe kabisa. Kwa hao, ushauri wa busara ni kuchagua sehemu nyingine ya kutembelea. Chanjo nyingine za kufikiria ni za homa ya ini aina ya A, homa ya matumbo, pepopunda na kichaa cha mbwa, ambayo tutaizungumzia mbele.

Nimeugua malaria mara nyingi tangu utotoni. Je, bado nina haja ya dawa za kinga?

Ndiyo. Kinga ambayo mwili huipata kwa kuugua mara kwa mara si kamili, hupungua mtu akiishi muda mrefu mahali pasipo na malaria nyingi, na zaidi ya hayo ilijengwa dhidi ya vimelea vya nyumbani. Kwetu karibu malaria yote husababishwa na kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum. Huko Loreto wagonjwa wengi wana Plasmodium vivax, na falciparum hufuata kwa mbali. Mbu mkuu wa huko, Anopheles darlingi, huzaliana katika maji ya kandokando ya mito na mabwawa, na hatari huongezeka kadiri msafiri anavyoondoka mjini kuelekea vijijini na kwenye nyumba za wageni zilizomo msituni.

Kuna jambo moja ambalo wasafiri wenye asili ya Kiafrika huambiwa mara kwa mara, nalo ni kwamba vivax haiwapati. Msingi wake ni wa kweli: kimelea hiki huingia katika seli nyekundu za damu kwa kushika alama iitwayo Duffy, na Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana alama hiyo. Hata hivyo wagonjwa wa vivax wasio na Duffy wamekwisha kuonekana Madagascar na Ethiopia, na Waswahili wenye nasaba ya Kiarabu, Kihindi au mchanganyiko wanaweza kuwa nayo bila kujua. Falciparum ya Loreto, kwa upande wake, haibagui. Kwa hiyo habari ya Duffy isimfanye mtu aache vidonge.

Dawa za kinga zinazofaa huko ni atovaquone pamoja na proguanil, doxycycline, au mefloquine. Ya kwanza humezwa kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya kuingia eneo la malaria hadi siku 7 baada ya kutoka. Doxycycline pia humezwa kila siku, lakini huendelea kwa wiki 4 baada ya kutoka, na haimfai mjamzito wala mtoto mdogo. Mefloquine humezwa mara moja kwa wiki, nayo haimfai mtu aliyewahi kupata kifafa au maradhi ya akili. Klorokwini peke yake haikingi falciparum ya Amazon, sawa na ilivyo kwetu. Chandarua chenye dawa, nguo za mikono mirefu na dawa ya kupaka ya kufukuza mbu yenye kemikali iitwayo DEET vinabaki kuwa vya lazima, kwa sababu hakuna kidonge kinachokinga kwa asilimia mia moja.

Nikipata homa baada ya kurudi, na kipimo cha haraka kikionyesha sina malaria, nitulie?

La, na pengine hili ndilo jibu ambalo msafiri wa Afrika Mashariki analihitaji kuliko mengine yote. Vipimo vya haraka vinavyotumika sana katika zahanati zetu hutafuta protini iitwayo HRP2, ambayo hutengenezwa na falciparum peke yake. Mtu mwenye vivax anaweza kuchomwa kidole, kipimo kikaonyesha mstari mmoja tu, akarudishwa nyumbani na dawa za mafua huku vimelea vikiendelea kuzaana katika damu yake.

Kuna la pili. Mwaka 2010 watafiti walitangaza kwamba sehemu kubwa ya falciparum iliyopatikana katika Amazon ya Peru imepoteza jeni inayotengeneza protini hiyo, na kwa hiyo haionekani kwa vipimo vya namna hiyo. Baadaye tatizo hilo hilo lilionekana Eritrea na Ethiopia, kwa hiyo si habari ya mbali tena, ila Amazon ndiko ilikotambuliwa kwanza. Kwa sababu hizi mbili, mtu aliyetoka Iquitos mwenye homa anapaswa kumwambia mhudumu wa afya waziwazi kwamba alikuwa Amerika ya Kusini, aombe damu yake ipimwe kwa hadubini au kwa kipimo kinachotambua aina zote za vimelea, na kama majibu ni hasi, kipimo kirudiwe baada ya saa 12 hadi 24 iwapo homa haijakoma.

Vipi kuhusu dengue na homa nyinginezo za mbu?

Dengue imekuwa ikirudi Iquitos tangu mlipuko wa mwaka 1990. Mbu wake, Aedes aegypti, huuma mchana, huishi mjini, na huzaliana katika ndoo, matangi na matairi yaliyotuamisha maji. Wakazi wa Dar es Salaam waliopitia milipuko ya mwaka 2014 na 2019 wanamfahamu. Ambacho wengi hawakijui ni homa ya Oropouche, iliyoenea katika nchi kadhaa za Amerika ya Kusini mwaka 2024. Hii huletwa hasa na wadudu wadogo mno kuliko mbu, wanaoweza kupenya matundu ya chandarua cha kawaida, na dalili zake hufanana na za dengue: homa ya ghafla, kichwa kuuma sana, viungo na misuli kuuma. Chandarua cha matundu madogo na dawa ya kupaka mwilini husaidia.

Kwa homa yoyote ambayo haijajulikana chanzo chake, tumia parasetamoli, na usitumie aspirini wala ibuprofen, kwa kuwa kama ni dengue dawa hizo huongeza hatari ya kutokwa damu. Mama mjamzito, akizingatia malaria, Zika (homa nyingine ya mbu inayoweza kudhuru mtoto aliye tumboni) na Oropouche kwa pamoja, ana sababu za kutosha za kuahirisha safari hii.

Mji umejaa maji sehemu za chini. Je, maji hayo yana hatari gani?

Kina cha mto hapa hupanda na kushuka kwa mita nyingi kila mwaka, na kwa kawaida maji huwa juu kati ya Februari na Mei. Katika mtaa wa Belén nyumba nyingi zimejengwa juu ya nguzo au juu ya magogo yanayoelea, na maji yale yale hutumika kwa usafiri, kufulia na kutupia taka. Mkazi wa Kanda ya Ziwa atauliza kwanza habari za kichocho, na jibu ni la kufurahisha: Peru haimo katika nchi zenye kichocho.

Lakini homa ya mgunda ipo, na ipo kwa wingi. Huu ndio ugonjwa uliozuka Ruangwa, mkoani Lindi, mwaka 2022. Bakteria wake hutoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine, huogelea katika maji yaliyotuama na matope, kisha huingia mwilini kupitia michubuko ya ngozi, macho au kinywa. Huanza kwa homa, maumivu makali ya misuli hasa ya miguu, na macho kuwa mekundu. Kwa baadhi ya wagonjwa hufika kwenye ini, figo na mapafu. Hutibika vizuri kwa antibiotiki ikiwahiwa. Vaa viatu vya mpira, funika vidonda, na usitembee peku kwenye maji ya mafuriko kwa ajili ya kupata picha nzuri ya soko la Belén.

Chakula na maji ya kunywa?

Kunywa maji ya chupa yaliyofungwa au yaliyochemshwa, na uwe na mashaka na barafu. Samaki aliyepikwa au kuchomwa kwenye majani ni salama, ilhali samaki mbichi aliyelowekwa katika ndimu, chakula kinachopendwa sana nchini Peru, hapikwi kwa ndimu hiyo, wala minyoo na bakteria hawafi wote. Katika vijiji mgeni huenda akakaribishwa masato, kinywaji cha mihogo ambayo kwa desturi hutafunwa kisha huachwa ichachuke. Unaweza kukataa kwa adabu, na sababu ya kusita ni maji ya mto yanayochanganywa humo zaidi ya mate.

Je, piranha, samaki wa mtoni wenye meno makali, ni hatari kama inavyosemwa?

Si sana. Anayeumiza watu zaidi ni samaki aitwaye taa wa mtoni, ambaye hujilaza kwenye mchanga wa maji mafupi na kuchoma kwa mwiba wenye sumu akikanyagwa. Wavuvi wa pwani yetu wanaijua dawa yake: buruta miguu unapotembea ndani ya maji ili ashtuke na kuondoka, na ukichomwa, loweka mguu katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kisha uende hospitali.

Nyoka aitwaye jergón ndiye anayeuma watu wengi zaidi. Usifunge kamba, usichanje, usinyonye jeraha. Tuliza kiungo kilichoumwa na uwahi mahali penye dawa ya sumu iliyotengenezwa kwa ajili ya nyoka wa huko. Popo wanyonyao damu nao hubeba kichaa cha mbwa, na wamekwisha kuua watu, wengi wao watoto, katika vijiji vya Amazon ya Peru. Lala ndani ya chandarua. Ukiumwa na popo, mbwa au nyani, hata kama ni mkwaruzo tu, osha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha utafute chanjo siku hiyo hiyo, kwa maana dalili zikianza hakuna tiba. Aliyechanjwa kabla ya safari bado anahitaji dozi za nyongeza, lakini chache, na hahitaji dawa ya kingamwili, yaani kinga iliyotengenezwa tayari ambayo asiyechanjwa hudungwa pamoja na chanjo, na ambayo ni vigumu kuipata mbali na mji.

Wageni wengi hufuata ayahuasca. Ina madhara?

Ni kinywaji cha tiba za jadi ambacho serikali ya Peru ilikitambua mwaka 2008 kuwa sehemu ya urithi wa taifa, na wenyeji wana taratibu zao za kukitumia. Kwa upande wa afya, kina kemikali zinazozuia mwili kuvunjavunja dawa fulani, hivyo mtu anayetumia dawa za kutibu sonona anaweza kupata madhara ya kuua. Mwenye maradhi ya moyo, shinikizo la juu la damu, kifafa, au historia ya maradhi ya akili asikiguse. Kuacha ghafla dawa za hospitali ili kukinywa nako ni hatari.

Nikiugua huko, nifanye nini?

Mjini kuna hospitali za umma na binafsi, na madaktari wake wana uzoefu mkubwa wa malaria na dengue. Nje ya mji, kituo cha afya kinaweza kuwa saa kadhaa kwa boti, kwa hiyo muulize mwenyeji wako boti ya dharura iko wapi kabla hujaihitaji. Bima iwe inalipia kusafirishwa kwa ndege hadi Lima. Vaa jaketi la kuokolea kila upandapo boti. Mjini usafiri mkuu ni pikipiki za magurudumu matatu zinazofanana na bajaji zetu, nazo huendeshwa kwa kasi ile ile.

Nimetumia dawa zote na nimerudi salama. Je, yameisha?

Bado. Vivax huweza kujificha katika ini na kuibuka wiki au miezi kadhaa baadaye, na dawa za kinga zilizotajwa haziwaui vimelea walio katika usingizi huo. Huondolewa kwa primaquine au tafenoquine, lakini kabla ya kumeza mojawapo ni lazima kupimwa kimeng'enya cha G6PD, kwa sababu upungufu wake ni wa kawaida kwa watu wa Afrika Mashariki, na mwenye upungufu huo akimeza dawa hizi seli zake nyekundu zinaweza kupasuka kwa wingi. Aidha, kidonda kisicho na maumivu makubwa ambacho hakiponi kwa wiki kadhaa, hasa usoni, mikononi au miguuni, kinaweza kuwa leishmania, iletwayo na nzi wadogo wa msituni. Hicho hakitibiwi kwa dawa ya kupaka ya dukani. Kinapimwa hospitali, na mgonjwa ataje safari yake hata kama imepita miezi sita.