Chimbo Halirushwi Kwenye Grupu

Nimeitwa mchoyo tena, kisa sikurusha lokesheni ya chimbo, yaani mahali penye samaki, kwenye grupu letu la wavuvi wa kayaki. Hoja ni ileile: "Bahari ni ya wote." Imenichosha, leo naijibu.

Kwanza tujue unatafuta samaki gani. Nguru, jodari na kolekole ni wapitaji, wanafuata dagaa. Ukiniuliza nguru wanakula wapi asubuhi hii nakwambia papo hapo, hata kama sikujui, maana kesho huenda wasiwepo. Chewa ni habari nyingine. Ana pango lake kwenye mwamba na hahami ovyo. Tena chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, baadhi wakigeuka madume wakishakuwa wakubwa. Kayaki kumi zikishukia mwamba mmoja, kila mtu akaondoka na yule mkubwa wa kupigia picha, mmefagia madume. Wanaobaki ni wadogo, na mwenye mwamba anakuja kukuta hamna kitu.

Ndiyo, mwenye mwamba. Miamba ninayovua upande wa Ulenge, kisiwa cha hapa Tanga, nilionyeshwa na wazee wa mshipi. Wao huipata kwa alama: huku mnazi fulani ukae sawa na paa fulani, kule ncha ya kisiwa ianze kufunika mikoko. Alama zote mbili zikikaa, tia nanga. Mzee hakunionyesha siku ya kwanza. Alinitazama kwanza nafanyaje baharini. Yeye watoto wake wanakula kwa mwamba ule. Mimi navua Jumamosi, na mshahara wangu uko palepale nikirudi mikono mitupu. Nikiurusha kwa watu mia mbili, nimegawa riziki ya mtu bila kumuuliza.

Kwa hiyo ukitaka chimbo, twende wote. Ukishapelekwa, usimpeleke mwingine kabla ya kumwambia aliyekupeleka. Ukikuta ngalawa imetia nanga, pita mbali na mishipi yao. Na picha jamani! Mnara wa Ulenge ukionekana nyuma ya bega lako, umeshataja mahali. Geuka, nyuma yako iwe bahari tupu.

Usalama hauna siri. Mkondo unavuta wapi maji makubwa ya bamvua yakipwa, mawimbi yanapasuka wapi, kusi ikichachamaa ukimbilie wapi: hayo narusha grupu zima, tena kwa ramani. Anayeficha hayo ndiye mchoyo.

Sina hakika kama kunyamaza kwetu kunamwokoa chewa. Uvuvi wa baruti umevunja miamba mingi pwani hii ambayo hakuna aliyewahi kurusha lokesheni yake popote. Na kijana mgeni Tanga, asiye na mzee wa kumshika mkono, ajifunze kwa nani? Hilo linanisumbua kweli, na jibu nililonalo ni dogo: aje ufukweni Jumamosi alfajiri na mshipi wake, nitamchukua. Simu aizime mpaka turudi.