Mtoto mwenye ADHD na hela mkononi: maswali ya wazazi

Mwanangu ana miaka tisa. Nikimpa hela ya wiki Jumatatu, hadi mapumziko ya saa nne imekwisha. Hesabu darasani anapata. Ananifanyia makusudi?

Hapana. Kujua hesabu ni jambo moja, kujizuia mbele ya muuza ubuyu ni jingine. ADHD, yaani tatizo la umakini na kutulia, hugusa uwezo wa ubongo wa kupanga, kusubiri na kujizuia, hivyo kwa mtoto huyu Ijumaa ni mbali mno. Mpe ya siku, tena kwa sarafu. Kama ni shilingi 500, mpe mbili za 200 na moja ya 100, ili akitoa moja aone zilizobaki.

Nimnunulie kibubu?

Cha mbao, hapana. Kwake kisichoonekana ni kama hakipo. Tumia kopo la plastiki linaloonyesha ndani, ubandike picha ya anachokitaka: mpira wa wiki mbili zijazo, si baiskeli ya Desemba. Akitumbukiza sarafu, msifu pale pale. Sifa ya jioni imeshachelewa.

Akimaliza mapema nimwongezee?

Usimwongezee, wala usimgombeze. Ila chakula kisiingie kwenye adhabu. Mfungie cha nyumbani, akose ubuyu tu. Jioni muulize hela ilikwendaje, kwa sauti ile ile unayoulizia matokeo ya mpira.

Wa miaka 16 ana hela kwenye simu, na nasikia anabeti.

Hapa ndipo pagumu, na mimi naogopa zaidi hapa kuliko kwenye ubuyu. Hela ya simu haina uzito mkononi: namba ya siri, imekwenda. Kubeti kabla ya miaka 18 ni kinyume cha sheria, Tanzania na Kenya pia, na mchezo wenye matokeo ya haraka humnasa kirahisi kijana asiyeweza kusubiri. Simuni iwemo ya siku mbili tatu tu. Kitu cha zaidi ya shilingi 5,000 akiandike kwenye karatasi, alale, kesho aamue. Akishakuwa na madeni ya kubeti, mwambie daktari wake.

Dawa hazitamtuliza?

Methilifenideti, dawa ya ADHD, husaidia umakini na kujizuia, lakini haifundishi bajeti. Ile ya muda mfupi hufanya kazi saa chache tu. Kama huinywa asubuhi, usimtume dukani jioni na noti ya 10,000. Mtume mapema, na arudi na chenji uihesabu naye.