Rufiji kwa boti, kutoka maziwa ya Nyerere hadi mikoko ya Delta

Mgeni akiniambia anataka kwenda Hifadhi ya Taifa ya Nyerere kuona simba, swali langu la kwanza huwa moja: utakaa juu ya maji kwa muda gani? Hifadhi hiyo, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, ina kilomita za mraba 30,893, na simba wapo. Lakini simba utamwona hata Mikumi au Ruaha. Kinachowaita watu Rufiji ni mto mpana unaopitika kwa boti katikati ya wanyama, kisha ukaendelea kupita mashamba na vijiji mpaka ukamwaga maji yake Bahari ya Hindi. Mimi ni mwongoza watalii na kazi yangu iko ndani ya boti. Nasema bila kusita kwamba aliyezunguka kwa gari tu bado hajafika Rufiji.

Mto Rufiji unaanza pale mito ya Kilombero na Luwegu inapokutana, kwenye maporomoko ya Shuguli. Mto Ruaha Mkuu unaingia chini zaidi, kabla ya Korongo la Stiegler. Korongoni ndipo lilipojengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya kuzalisha megawati 2,115; lilianza kujazwa maji tarehe 22 Desemba 2022. Mpaka hapo maji yamebanwa na miamba. Yakishatoka korongoni yanakuta tambarare, kasi inapungua, mchanga unatua, na mto unaanza kutangatanga. Kila baada ya miaka unaacha njia yake na kuchukua nyingine. Njia zilizoachwa ndizo zilizobaki kuwa maziwa: Tagalala, Manze, Nzerakera, Siwandu na Mzizima. Ndiyo maana ukitazama kutoka kwenye ndege ndogo unaona maji kila upande, na ndiyo maana ziwani utakuta magogo ya mivumo iliyokufa yamesimama majini, furukombe katua juu yake. Miti hiyo iliota nchi kavu, maji yakaifuata.

Ukitaka kuuelewa mto, muombe nahodha apunguze mwendo kwenye kona moja tu. Upande wa nje wa kona maji yanakwenda kasi na yanakata ukingo, kwa hiyo ukingo unasimama wima kama ukuta na kina ni kirefu. Boti hupita huko. Kwenye ukuta huo wa udongo utaona matundu mengi yamepangana; ni nyumba za keremkeremu, ndege wenye rangi kali wanaokula nyuki na kereng'ende. Wanachagua ukuta wima kwa sababu nyoka na kenge hupata taabu kuupanda. Sasa geuza shingo utazame upande wa ndani. Huko maji ni ya polepole, mchanga umerundikana ukawa fungu, na juu ya fungu kuna mamba walioachama vinywa kupunguza joto la mwili. Viboko nao wanapenda maji ya kina kifupi kando ya fungu, wanasimama miguu ikigusa chini. Kona moja imekuonyesha kazi yote ya mto: huku unakula ardhi, kule unaitema.

Kiboko ndiye anayehitaji heshima kuliko wote. Huweza kukaa chini ya maji dakika tano hivi kabla ya kuibuka kuvuta pumzi, kwa hiyo maji yaliyotulia hayamaanishi maji matupu. Nahodha mzuri hugonga ubavu wa boti anapokaribia kundi ili walio chini wajue tupo. Halafu hamkatii kiboko njia ya kwenda kilindini, maana akishtuka hukimbilia huko, na ukiwa katikati umekuwa adui. Ukiona nahodha anakimbiza boti katikati ya kundi ili wageni wapate picha, mwambie aache. Una haki hiyo, na ni uhai wako.

Saa nzuri ni jioni, kuanzia saa kumi, tembo wanaposhuka kunywa na jua limelegea. Asubuhi iache kwa matembezi ya miguu pamoja na askari mwenye silaha, au kwa gari kuwatafuta mbwa mwitu, ambao eneo hili ni mojawapo ya ngome zao kubwa Afrika. Karibu na Ziwa Tagalala kuna chemchemi za maji moto, na upande wa Beho Beho kuna kaburi la Frederick Selous, mwindaji Mwingereza ambaye pori lilipewa jina lake, aliyeuawa hapo Januari 1917 katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Usivae nguo nyeusi wala bluu iliyokoza, mbung'o wanazifuata.

Nenda kati ya Juni na Oktoba. Machi hadi Mei masika yanafunga barabara na kambi nyingi zinafungwa pia. Kutoka Dar es Salaam kwa gari unapita Mkuranga na Kibiti, unakata kwenda Mkongo mpaka Mloka, kisha lango la Mtemere. Malazi ya bei nafuu yako Mloka, nje ya lango, na wengi hawajui kwamba boti hupatikana huko pia. Treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, nayo inasimama Kisaki, upande wa lango la Matambwe.

Watalii wengi huishia hapo, na hilo linaniuma. Chini ya Mloka ndiko mto ulikolisha watu kwa karne nyingi. Mafuriko yakishuka, Warufiji hulima mlau kwenye udongo uliobaki na unyevu, na shambani utaona madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti ili kulinda mazao dhidi ya nguruwe na kumpa mtu mahali pa kukaa maji yakipanda. Maji hayo yanaweza kuwa makali: Aprili 2024 mafuriko yalizamisha nyumba na mashamba Rufiji na Kibiti. Ukivuka Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, kuelekea kusini, unaingia nchi ya Vita vya Maji Maji, watu walipoinuka dhidi ya utawala wa Wajerumani. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewagawia watu maji ya dawa, alinyongwa na Wajerumani Mohoro mwezi Agosti 1905. Simama Mohoro kidogo, usipite tu.

Kisha Delta, pale mto unapogawanyika matawi kabla ya kuingia baharini. Ni msitu mkubwa kabisa wa mikoko katika Afrika Mashariki, na pamoja na Kisiwa cha Mafia na Kilwa umo tangu 2004 katika orodha ya Ramsar, ya ardhioevu muhimu duniani. Ingia kwa boti kutoka bandari ndogo ya Nyamisati. Miti yake imejipanga kwa aina: mililana inasimama mbele, inapigwa na bahari. Mikoko yenyewe, yenye mizizi ya upinde, inafuata kando ya vijito. Michu na mikandaa iko ndani zaidi. Boriti za hapa zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, na upana wa vyumba vya nyumba za mawe za Zanzibar ulifuata urefu wa boriti. Humuhumu ndimo manowari ya Kijerumani Königsberg ilimojificha, ikazamishwa tarehe 11 Julai 1915. Meli yenyewe imemezwa na tope, lakini mzinga wake mmoja uko Fort Jesus, Mombasa.

Delta haiendeshwi kwa saa ya mkononi. Maji yakipwa vijito vinakauka na boti inalala topeni kwa saa kadhaa. Kabla ya kulipa nauli muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi, na kama ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Beba maji ya kunywa na dawa ya mbu, na uingie maji yakiwa yanapanda.

Kutoka Nyamisati kuna usafiri wa kuvuka kwenda Kilindoni, Mafia. Papa potwe, samaki wakubwa kuliko wote, huonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Februari hivi, wakifuata chakula kidogokidogo kinachoelea majini. Mwenye nafasi ya safari moja tu aje Oktoba: hifadhini bado ni kiangazi, wanyama wamebanana mtoni, na Mafia papa wameanza kufika.